Walichonificha Kuhusu Mgongo Wangu

Kama unasoma haya umelala ubavu, umebana mto katikati ya magoti, na leo umeshajiuliza mara nyingi kama maumivu yamesogea au umeyawaza tu, basi tunajuana. Mimi nimetoka huko. Sijatoka mbali sana, maana kiuno bado hunikumbusha nikikaa vibaya. Lakini haya nayaandika nimekaa kwenye kiti, na wakati wa mvua kubwa za mwaka huu kiti kilikuwa kitu cha kutazamwa tu.

Naitwa Zaina. Nilisomea takwimu chuo kikuu, na kwa kuwa kazi ya kudumu haijapatikana, nafanya vibarua vya kuingiza data kwenye kompyuta, nyumbani kwetu, mtaa wa Kibuli. Jumamosi naendesha pikipiki. Siyo boda. Ni ule mchezo wa kupandisha pikipiki juu ya mawe, ambao wenzetu wa nje huuita trials na sisi tunauita mawe tu. Pikipiki yake ni nyepesi na haina pa kukalia. Unaisimamia muda wote kwenye vikanyagio. Hakuna mbio. Unapanda jiwe polepole, unageukia juu yake, unashuka, na ukigusa chini kwa mguu unapoteza alama. Kikundi chetu ni kidogo na tunachangia pikipiki. Tunafanyia mazoezi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, njia ya Mukono, na kocha wetu ni Deo, aliyekuwa mwendesha boda kabla hajachoka na abiria.

Nilipenda mchezo huo kwa sababu moja. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikipigiwa simu na namba nisiyoijua, kabla sijaipokea nimeshazika watu. Juu ya jiwe hakuna nafasi ya mawazo hayo, kwa kuwa tairi la mbele linakutaka mzima.

Mgongo ulinishika Jumamosi moja, mvua za kwanza zikinukia. Nilikuwa nimeendesha tangu asubuhi bila kupumzika. Nikazima pikipiki, nikavua kofia ngumu, ikanidondoka. Nikainama kuiokota na sikuinuka tena.

"Nnyabo, umepoteza nini huko chini?" Deo akaniuliza, kwa neno letu la kumwita bibie.

"Sijapoteza kitu. Siwezi kusimama."

Wakacheka. Halafu nikasikia kicheko kimekatika, na kule kukatika kwake ndiko kulikoniogopesha kuliko maumivu yenyewe. Kumbe hata wao wameona, nikajiambia.

Walinipeleka nyumbani kwenye gari la kukodi, nimepiga magoti kiti cha nyuma kama mtu anayeswali kinyumenyume. Mama alichukua kitenge, akakikunja, akanifunga kiuno kwa nguvu kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Mama ni Mnubi, na kwa upande wake wa familia kiuno chochote chenye matatizo hufungwa. Baba ni mtu wa Lira, polisi mstaafu aliyeendesha pikipiki za kusindikiza misafara miaka mingi, na mtaani hadi leo wanamwita Afande. Yeye alinitazama, akatazama viatu vyangu vyenye vumbi la mawe, akatoka nje kutafuta usafiri wa kwenda kliniki.

Benchi la kliniki lilikuwa la mbao, na mgonjwa wa mgongo hawezi kulikalia. Nikasimama nimeegemea ukuta, nikawachunguza waliokuwa wakitoka kwa daktari. Waliotoka na dawa niliwaonea wivu, na waliotoka mikono mitupu nikawasikitikia. Nilipopigwa picha, kijana wa mashine aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akanitazama mimi.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Daktari atakwambia."

Lakini daktari hakuniambia. Alinipapasa mgongo, akaniinua miguu mmoja mmoja, akauliza maswali mafupi. Mimi nikiwa bado nimelala kifudifudi, akafungua mlango na kusema, "Mzee, njoo kidogo." Baba akatoka naye. Nikabaki natazama vigae vya sakafuni na kuisikiliza minong'ono yao bila kuokota hata neno.

Yafaa nieleze jambo hili kwa wasiotujua. Kwetu majibu ya hospitali hupewa mkubwa wa familia, naye huamua mgonjwa aambiwe nini. Haijalishi mgonjwa ana miaka mingapi wala ana shahada gani. Bibi yangu, mama yake mama, aliambiwa ana vidonda vya tumbo mpaka siku tuliyomzika. Nyumba nzima tulijua isipokuwa yeye, na hata mimi, nikiwa mtoto, niliambiwa nicheke ninapompelekea uji. Kwa hiyo najua sauti ambayo watu wetu huitumia wanapoficha. Ni sauti yenye furaha kidogo kuliko inavyostahili.

Na baba alirudi na sauti hiyo hiyo.

"Daktari anasema mgongo umechoka tu, mama yangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita. "Upumzike. Usiiname, usibebe kitu, usitembeetembee. Na pikipiki, hiyo basi."

"Basi mpaka lini?"

"Basi."

Alikuwa anatazama feni ya darini, ambayo haikuwa inazunguka.

Kuanzia siku hiyo nililala, na mvua ikanyesha juu ya bati kama inalipwa. Mwanzoni vidonge vilisaidia, kisha vikawa vinanilewesha bila kugusa maumivu. Nilikuwa nageuka kwa hatua, bega kwanza, nyonga baadaye, na kila hatua nikiwaza ni mfupa gani utakaovunjika. Mapaja yakapungua. Tumbo likawa laini kama unga uliokandwa. Nikisimama kwenda msalani miguu ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na mama alinishika kwapani huku akitazama pembeni. Nilifikiri anatazama pembeni ili nisione machozi.

Kisha nikaanza kukusanya ushahidi. Mama alianza kunipikia mchuzi wa kuku hata siku za kawaida, wakati kuku kwetu ni wa sikukuu au wa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Baba, ambaye hugombana na kila mtu kuhusu redio, akawa anapunguza sauti bila kuambiwa. Wageni wakaja na maparachichi na soda, wakakaa, wakatazama nyayo zangu zilizotokeza shukani, wakasema, "Pole, pole sana." Kwa nini sana? Mgongo uliochoka haustahili sana.

Mama Shamim, jirani yetu, aliingia siku moja akanikuta na kile kitenge kiunoni.

"Ee, hongera! Mtoto yuko wapi?"

"Hakuna mtoto, Mama Shamim. Ni mgongo."

"Kale, haya, ni mgongo." Macho yake yalizunguka chumba chote, akachungulia hadi nyuma ya pazia. "Na huyo mgongo baba yake ni nani?"

Mama akamsindikiza mpaka nje kwa haraka ambayo nayo niliitilia shaka.

Kilichonimaliza ni kuja kwa Shangazi Rose, dada yake baba, aliyefika kutoka Lira bila taarifa, na kopo la odi mkononi, ile siagi ya simsim na karanga ambayo hatuipati mpaka kuna harusi au msiba. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso na kuomba kwa Kilango, lugha ya kwao, sala ndefu ambayo nililisikia jina langu ndani yake mara kadhaa.

"Shangazi, baba amekwambia nini?"

"Amesema unaumwa."

"Kiasi gani?"

"Mwanangu, hayo ya kiasi anajua Mungu."

Baada ya hapo nilikuwa na hakika. Nikaanza kuwaza kompyuta yangu abaki nayo nani.

Wazo la kutoroka sikulipata kwa ujasiri. Maumivu yalikuwa yameshuka hadi kwenye paja la kushoto, na nilitaka mtu nisiyemjua anitajie ugonjwa wangu kwa jina. Rafiki yangu wa chuo alinielekeza kwa mtaalamu wa viungo mwenye chumba kidogo upande wa Mulago. Nilingoja mama aende sokoni, nikavaa gauni pana, nikaita boda. Nilimwambia kijana aendeshe polepole. Akapunguza. Nikamwambia tena.

"Nnyabo, umebeba mayai?"

"Nimebeba mgongo."

"Basi ushike vizuri," akasema, na akakwepa mashimo yote mpaka tukafika. Huyo naye nilimshuku, nikajiuliza kwa nini ananionea huruma.

Mtaalamu anaitwa Harriet, mwanamke mfupi mwenye mikono ya moto. Aliniuliza kama mkojo unatoka kawaida na kama unanitoka bila kujua, kama nimekufa ganzi pale ninapokalia, kama mguu unakosa nguvu, kama nina homa, kama nimewahi kuugua kifua kikuu au uvimbe. Kwa kila swali nilisema hapana huku nikijichunguza upya. Maswali hayo nayaweka hapa kwa makusudi. Kama jibu lako kwa lolote kati yake ni ndiyo, acha kusoma, nenda hospitali leo.

"Sasa inama," akasema.

"Siruhusiwi."

"Nani amekukataza?"

"Daktari."

"Alikwambia mwenyewe?"

"Alimwambia baba."

Harriet aliniweka kitandani, akanikunja, akanikunjua, akabonyeza kila mahali. Nilingoja kusikia kitu kikivunjika ndani yangu. Hakuna kilichovunjika.

"Sikiliza," akasema. "Mimi naona misuli iliyolala. Ilishtuka siku ile, sawa, lakini sasa inauma kwa sababu imelazwa mno. Kitenge hiki kinaifanyia kazi yake, nayo imeacha kazi. Wewe ni wa kutembea. Leo."

"Unanifariji."

"Silipwi kufariji. Kama huniamini, nenda kwa huyo daktari ukamuulize alisema nini. Nenda peke yako."

Nilienda wiki hiyo hiyo. Nilisimama tena kwenye ukuta ule ule, ila safari hii sikuwatazama waliotoka. Nilikuwa nafanya mazoezi ya uso. Nilitaka atakaponitajia muda uliobaki nisilie mbele ya watu.

Daktari alinikumbuka. "Wewe si yule binti wa mawe? Nilidhani umesharudi kwenye pikipiki."

Sikuelewa. "Wewe ndiye uliyesema basi."

"Mimi?"

"Ulimwambia baba nisiiname, nisitembee, nisiendeshe tena."

Alivua miwani. "Nilimwambia upumzike siku chache, kisha uanze kutembea, na uende kwa mtu wa mazoezi. Nikasema pikipiki utarudi ukipata nguvu. Mzee alikuwa ananiitikia vizuri kabisa."

"Na picha? Kijana wa mashine aliitazama sana."

"Picha haina kitu. Huyo kijana hutazama sana kila kitu."

Nikamuuliza swali langu la mwisho, lile la hatari. "Daktari, kama ningekuwa na kitu kibaya, ungeniambia mimi au ungemwita baba tena?"

Alifikiri. Hilo nampa heshima yake, kwamba alifikiri. "Siku ile sikuuliza wewe unataka nani ajue," akasema. "Nilipaswa kukuuliza."

Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, mimi niliyekuwa siketi. Wiki zote zile nilishuku watu wote kwamba wananificha ugonjwa. Kumbe walichonificha ni uzima. Na nilivyoendelea kulala kwa kuwatii, nao ule uzima ulikuwa unaisha kweli.

Nilimkuta baba anang'arisha viatu barazani. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Nimetoka kwa daktari," nikasema.

Brashi ikasimama.

"Amesema alikwambia nitembee."

"Mama yangu, keti kwanza."

"Nimeketi sana, baba. Nimelala sana."

Mama akaweka ungo chini. "Muache baba yako. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimpigia simu mkiwa bado huko. Nilisema akirudi, arudi na neno la kukutoa kwenye hiyo kitu. Inavunja watu. Inaharibu kizazi."

"Nani kasema inaharibu kizazi?"

"Watu wote."

"Baba ameendesha pikipiki miaka yote ya kazi na mna watoto."

"Yeye si mwanamke!"

"Nilidhani nakufa, mama."

Ungo ulikuwa miguuni pake, naye akawa anautazama kama mchele umebadilika. "Unakufa vipi na kuku wote wale?" akasema, lakini sauti haikufika mwisho. "Nilijua hulali. Nilifikiri ni maumivu."

Baba ndiye aliyesema kilichobaki. Alisema aliokota wenzake barabarani enzi zake, na kwamba aliponiona nimepiga magoti kwenye lile gari aliwaona wao. Alifikiri ningelala kidogo, ningechoka, ningeusahau mchezo. "Kisha nikaona unakonda," akasema. "Kila asubuhi nikasema leo nitamwambia. Na kila siku ikawa ngumu kuliko jana, kwa sababu sasa ungeuliza mbona hukusema jana."

Nilikuwa na hasira, na hasira ya kwanza ya mtu aliyekuwa anajiandaa kufa ni kitu cha ajabu, ina njaa. Nilikula wali wote.

Mama hakuniomba radhi. Aliacha kunisemesha, nami nikaacha, na nyumba ikawa ya baba kupeleka salamu kutoka jikoni hadi chumbani. Nilianza kwa kutembea hadi kwenye geti la shule, kisha hadi msikitini juu kilimani, kwanza nikipumzika kwenye kila kona. Asubuhi nilitandika mkeka na kufanya aliyonipa Harriet: kulala chali na kuinua nyonga, kusimama kwa magoti na viganja na kunyoosha mkono huu na mguu ule, kujishikilia kwa viwiko mpaka tumbo litetemeke. Kitenge nilikivua. Siku ya kwanza bila kitenge nilijihisi kama nyumba iliyoondolewa nguzo. Iliuma. Harriet alikuwa ameniambia maumivu ya kuamka si maumivu ya kuvunjika, lakini hilo huwezi kuambiwa ukalijua. Nililijua mvua zilipokwisha na vumbi la mwezi wa saba kurudi, siku niliyofunga kamba za viatu bila kuwaza.

Kosa langu kwenye mawe alilitambua Harriet pia. Aliniambia nisimame kama niko kwenye pikipiki. Nikanyoosha magoti, nikapinda mgongo kama bakuli, nikang'ang'ania usukani wa hewani.

"Ndivyo unavyosimama asubuhi nzima? Mama yako anafagia uwanja?"

"Kila siku."

"Kamtazame."

Nilimtazama. Mama hufagia kwa ufagio mfupi wa njiti, na hainami kwa mgongo. Hukunjika kwenye nyonga kama mlango kwenye bawaba, mgongo umenyooka, magoti yamelegea, na anaweza kuongea na Mama Shamim kupitia ua muda wote huo bila kuhema. Mimi nilipelekwa bweni mapema, na huko tulipiga deki kwa mpini mrefu. Sikujifunza.

Alihisi natazama. "Unataka nini?"

Lilikuwa neno la kwanza kwa siku nyingi. "Nionyeshe unavyoinama."

"Ili?"

Ningeweza kumficha. "Ili nirudi kwenye mawe," nikasema.

Alifagia mpaka mwisho wa uwanja. Nilidhani ndiyo imekwisha. Kisha akarudi, akanipa ufagio, akaniweka kiganja juu ya makalio na kuyasukuma nyuma. "Hapa ndipo pa kukunjika. Siyo huko juu. Huko juu ni pa kubebea mtoto."

Nikafagia uwanja kila asubuhi hadi msimu wa panzi ulipowadia na mji mzima ukanuka nsenene wa kukaanga.

Nilirudi machimboni na masharti yangu mwenyewe. Deo aliinua usukani kidogo, maana ulikuwa umewekwa kwa mtu mfupi kuliko mimi. Natembea na kujinyoosha kabla ya kupanda. Magoti hulegea, uzito uko nyayoni, mikono inashika kama inashika yai. Napanda mara chache, nashuka, nazunguka kwa miguu, nakunywa maji. Jumamosi ambayo wiki yake yote nimekaa kwenye kompyuta, natazama zaidi kuliko kupanda. Pikipiki ikianguka tunainua wawili. Deo hunitania, "Zaina, umekuwa mzee." Namwambia ndiyo, na wazee ndio wanaofika nyumbani.

Siku ile ya kwanza ya kurudi nilipanda jiwe dogo, nikashuka, nikapanda tena. Kisha pale kiunoni kukaja kitu. Nikazima injini. Mawazo yote ya zamani yakaja mbio, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumwita pembeni kumuuliza. Nikatembea hadi ukingo wa machimbo na kurudi. Kikapungua. Nikapanda mara moja zaidi, nikaacha kwa hiari yangu.

Mama alikuwa mlangoni niliporudi. Hakutazama pikipiki ya kijana wa boda aliyenileta, hakutazama vumbi la nguo zangu. Alinitazama usoni.

"Mgongo?"

"Unauma kidogo."

"Kidogo kama nini? Sema kweli."

Nikaupima, hapo mlangoni, polepole, bila kuongeza wala kupunguza. "Kama wa mtu aliyefanya kazi," nikasema.

Akanitazama kwa muda zaidi, jinsi mtu wetu anavyomtazama mtu anayeweza kuwa anaficha. Kisha akaingia ndani kupakua chakula, na hakikuwa kuku.